Uzi: Kulala hoteli kongwe ukitembelea jiji. Kabla hujalipa, uliza chumba kiko jengo lipi

#1 Mpangaji Namba 7

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni ya mji hadi mji, na nina kaugonjwa kamoja ambako kameshanitoa hela nyingi. Nikifika jiji nisilolijua, usiku mmoja lazima nilale hoteli kongwe kadiri mfuko unavyoruhusu. Siku zinazobaki nahamia popote penye kitanda na godoro zima. Watu huniuliza kama inalipa, na kila nikijibu najikuta naanzia kwenye kosa langu la kwanza. Basi nianzie hapo.

Niliona picha mtandaoni: ngazi ya marumaru, taa ya vioo inayoning'inia kama mkungu wa ndizi, mhudumu kavaa glavu nyeupe. Nikalipa. Nilipofika, ngazi ipo, taa ipo, glavu zipo. Kijana akachukua begi langu, tukaipita ile ngazi, tukaingia korido ya jikoni, tukatokea uani, tukavuka kidaraja cha vioo, tukaingia jengo ambalo rangi ilikuwa bado inanukia. Chumba changu kilikuwa na zulia la kijivu, dirisha lisilofunguka, na ukutani picha ya ile ngazi. Picha! Historia niliiacha mapokezi pamoja na pasipoti. Nilipolalamika waliniambia kwa adabu kabisa kwamba tangazo lilitaja umri wa hoteli, halikutaja umri wa chumba. Nikalisoma tena usiku ule, na kweli halikutaja.

Baadaye nikagundua si hoteli ile peke yake. Taj Mahal Palace ya Mumbai ilifunguliwa 1903, na lile kuba lake kila mtu analijua, lakini pembeni yake kuna mnara wa miaka ya 1970 wenye vyumba vyake. Old Cataract ya Aswan ni ya 1899, na imeunganishwa na jengo la ghorofa nyingi la miaka ya 1960. Pale London, kwenye kituo cha treni cha St Pancras, ile hoteli ya matofali mekundu inayofanana na kasri ni ya 1873, ila vyumba vingi wanavyouza leo viko kwenye jengo jipya la nyuma. Hakuna aliyedanganya hapo, kwa sababu ukisoma kwa makini utakuta imeandikwa. Tatizo ni kwamba picha ya kwanza unayoiona ni ya ngazi kila mara, hata kama kitanda chako kiko mbali nayo.

Kwa hiyo siku hizi silipi kabla sijaandika barua pepe yenye maswali mawili: chumba hiki kiko jengo lipi, na ndani yake kimebaki nini cha zamani? La pili ndilo linalowatoa jasho. Ukijibiwa "hali halisi ya kale", ujue hakuna kitu. Ukijibiwa "milango na sakafu ni za mwanzo, bafu ni jipya, dari lilishushwa ili kupitisha kiyoyozi", hapo umeongea na mtu anayelijua jengo.

Karibuni. Waliolala huko leteni yenu.

#2 Siti ya Mbele

Nimeshaweka kambi. Shusheni nondo.

#3 Mkoba Mmoja

Asante mkuu kwa uzi, umekuja wakati wake. Nampeleka mama jiji fulani mwezi ujao, siku tatu. Nimeona hoteli ya miaka ya 1890 katikati ya mji kabisa, kila kitu tutakiendea kwa miguu. Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua ila hataki kuambiwa. Nimeuliza kama kuna lifti, wamesema ipo. Nilipe au nisilipe?

#4 Mbishi Mstaarabu

Mtoa mada, nakuheshimu ila hapa tunauziana vumbi kwa bei ya dhahabu.

Kwanza nyingi ya hizo "kongwe" si kongwe hata kidogo. Nenda Berlin, watu wanapiga picha mbele ya Adlon wakidhani wanaangalia hoteli ya 1907. Ile ya 1907 iliungua Mei 1945 vita vikiishia, kipande kilichobaki kikabomolewa 1984, na hii iliyosimama leo ni ya 1997. Nenda Cairo uulize Shepheard's, hoteli iliyokuwa inajulikana dunia nzima: ilichomwa moto Januari 1952, ikajengwa nyingine yenye jina hilohilo sehemu nyingine, kando ya Nile. Jina linahamishwa kama namba ya simu, mtandao unabadilika ila namba ni ileile.

Pili, hata zile za kweli, wewe unalala macho yamefumba! Saa nane za usingizi unalipia dari usiloliona. Mimi naingia ukumbini, naagiza kikombe kimoja cha chai, nakaa saa mbili, naangalia ngazi, naangalia taa, nakwenda chooni (vyoo vyao vizuri sana), natoka. Nalala hoteli ya mwaka juzi yenye maji ya moto. Nimekosa nini?

#5 Mpangaji Namba 7

Mbishi Mstaarabu kasema: *"Nimekosa nini?"*

Umekosa saa kumi na moja alfajiri. Sitanii. Mchana ukumbi ule una watu kama wewe, kila mmoja na chai yake na simu juu. Alfajiri ni wewe na mtu anayefuta shaba. Hapo ndipo unaona kwamba vidato vya ngazi vimelika katikati, kila kimoja kina kibonde, na kibonde cha upande wa kushukia kimezama zaidi kuliko cha kupandia. Nilikaa pale na soksi zangu kama mwendawazimu nikipima kwa kidole.

Lakini la Adlon nakubali, na ningependa watu walijue kabla hawajalipa. Halafu kuna kinyume chake, ambacho nakipenda zaidi: ukumbi uliobaki bila hoteli. Imperial ya Tokyo, ile aliyoichora msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright, ilikuwa izinduliwe tarehe 1 Septemba 1923, na siku hiyohiyo likaja tetemeko kubwa la Kanto. Mji ukateketea, hoteli ikabaki imesimama. Tetemeko halikuiweza, ikaja kuwezwa na bei ya ardhi: walipotaka vyumba vingi zaidi pale pale, wakaibomoa mwishoni mwa miaka ya 1960. Sehemu ya mbele na ukumbi wake vilihamishiwa jumba la makumbusho la wazi la Meiji-mura, karibu na Nagoya. Pale, Mbishi, sera yako ya kukaa ukumbini ndiyo pekee inayowezekana. Hakuna kitanda.

Mkoba Mmoja, subiri kidogo kulipa. Kuna mtu humu anafanya kazi mapokezi, namuita.

#6 Zamu ya Usiku

Nimeitika. Nipo mapokezi ya hoteli ya zamani mwaka wa kumi na moja huu, zamu ya usiku, na jina la hoteli sitaji kwa sababu bado naihitaji kazi.

Dada (au kaka) Mkoba Mmoja, swali la lifti umeliuliza vibaya, usikasirike. Ukituuliza "lifti ipo?" tutasema ipo, kwa sababu ipo. Uliza hivi: toka barabarani hadi kitandani kuna vidato vingapi? Kwetu kuna vinne kuingia mlango mkuu. Kisha kuna vitano kufika ilipo lifti, maana lifti ilichomekwa baadaye palipopatikana nafasi. Lifti yenyewe inasimama katikati ya ghorofa mbili kwa upande wa nyuma, kwa hiyo vyumba vya huko vina vidato sita vya kushuka. Jumla kumi na tano, na lifti ipo. Nimeshabeba mabegi ya wazee waliolia machozi.

Sasa kwa wote. Hoteli mpya ina vyumba mia vinavyofanana. Ya zamani ina vyumba mia na kila kimoja na tabia yake, na sababu mojawapo ni hiyo lifti. Zamani kabla ya lifti, mwenye fedha alilala chini, ghorofa ya kwanza au ya pili, dari refu, madirisha makubwa. Kadiri unavyopanda ndivyo dari linavyoshuka, na juu kabisa chini ya paa walilala watumishi waliokuja na mabwana zao. Fifth Avenue Hotel ya New York, 1859, ndiyo iliyotangulia kuweka lifti ya abiria, mtambo wa skrubu kubwa ambao aliyeubuni aliuita reli ya wima. Lifti zilipoenea bei ikapinduka, juu kukawa kuzuri: mwanga, hewa, mbali na kelele za farasi. Ila kuta hazikupinduka. Chumba cha juu chenye mandhari nzuri mara nyingi ni kile kile cha mtumishi, kimeungwa viwili vikawa kimoja, na ukisimama ghafla kitandani unagonga kichwa. Mwenye kutaka ukubwa aombe ile ghorofa ya chini yenye mapambo, ambayo ukiwa nje unaona ina madirisha marefu kuliko mengine. Ndiyo siri yote. Simama ng'ambo ya barabara, angalia madirisha, halafu njoo uniombe chumba.

Jambo jingine linalotuchekesha ni la "nipeni chumba alicholala fulani". Pera Palace ya Istanbul, iliyojengwa kwa ajili ya abiria wa treni ya Orient Express mwishoni mwa karne ya 19, ililimaliza hilo kwa njia ya heshima: chumba namba 101, alichokuwa anafikia Atatürk, muasisi wa Jamhuri ya Uturuki, walikigeuza makumbusho, unaingia unaangalia unatoka. Hoteli nyingine hazina uhakika huo. Kila ukarabati mkubwa kuta zinahama, vyumba vitatu vinakuwa viwili ili kila kimoja kipate bafu, namba zinapangwa upya. Namba 12 ya leo inaweza kuwa nusu ya 14 ya zamani na kabati la mashuka. Mgeni anafurahi, na sisi hatumharibii.

#7 Mkoba Mmoja

Ni dada. Asante sana. Nimewaandikia swali la vidato. Wamechukua siku nzima kujibu, nadhani kuna mtu alitumwa kwenda kuhesabu.

#8 Fundi Bomba

Mimi nimekarabati mabomba ya majengo ya zamani kwa muda mrefu, matatu kati yake ni hoteli. Mbishi anasema vumbi. Vumbi si shida. Shida ni maji.

Watu wanasahau kwamba hoteli ya kale haikujengwa na mabafu ndani. Tremont House ya Boston, 1829, ilikuwa gumzo kwa sababu kila chumba kilikuwa na kufuli lake, sabuni ya bure, na vyoo vilikuwa ndani ya jengo, ghorofa ya chini. Hiyo ndiyo ilikuwa anasa! Kwingine mgeni aliweza kulazwa kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Savoy ya London ilipofunguliwa 1889 na umeme na lifti na mabafu ya kutosha, watu waliona ni vituko. Meneja wake alikuwa César Ritz, na alipofungua ya kwake Paris mwaka 1898, bafu ndani ya chumba likawa ndilo jambo la kujivunia. Kabla ya hapo maji ya kuoga yalipandishwa kwa ndoo na watu, yakamwagwa kwenye karai mbele ya moto, yakashushwa tena kwa ndoo.

Ile St Pancras aliyoitaja mtoa mada ilikufa kwa sababu hiyo. Sakafu zake zilijengwa nene ili zisiungue, mabafu yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na wageni walipoanza kudai bafu chumbani, kupitisha mabomba kwenye sakafu zile ikawa balaa. 1935 wakafunga. Ilikaa miaka mingi kama ofisi za reli, ikanusurika kubomolewa, ikarudi kuwa hoteli 2011. Mimi nikipita pale siangalii minara. Nawaza mabomba walipitisha wapi.

Kwa hiyo ukikuta bafu lina umbo la ajabu, refu jembamba kama behewa, usiseme mchoraji alikuwa mlevi. Lilikuwa kabati, au nusu ya korido. Na jengo likishaingizwa kwenye orodha ya yale yanayolindwa na sheria, mwenye hoteli hawezi kutoboa ukuta au kubadilisha dirisha bila kibali, ndiyo maana kelele za barabarani zinaingia kwenye kioo kimoja chembamba na soketi ni moja, tena iko nyuma ya kabati. Beba waya wa kuongezea umeme. Nasema kwa mapenzi.

Ushauri wa bure: ukifika, fungua bomba zote, la moto na la baridi, uyaache yatiririke dakika chache huku umefungua dirisha, hasa kama chumba kilikaa bila mgeni. Maji yaliyolala kwenye bomba refu siku nyingi si maji ya kuoga. Yakitoka na rangi ya chai mwanzoni kisha yakasafika, ni kutu ya bomba la chuma. Yasiposafika, shuka mapokezi.

#9 Kijogoo

Mnazungumza mabomba, mimi naogopa mizimu. Nililala moja hizo, saa tisa usiku kitu kinagonga ukutani ngo, ngo, ngo, halafu kimya, halafu mtu kama anatembea darini. Sikulala. Asubuhi nikaona aibu kuuliza.

#10 Fundi Bomba

Hiyo ngo ngo ngo ni maji yaliyonaswa kwenye bomba la mvuke la kupashia joto. Mvuke unapoyakuta unayasukuma kama nyundo. Na anayetembea darini ni mbao: jengo likipoa usiku zinajikunja, moja baada ya nyingine, kwa hiyo sauti inasogea kama hatua.

#11 Zamu ya Usiku

Na saa tisa na nusu ni mimi, natembea kukagua milango.

#12 Siti ya Mbele

😂😂 Kijogoo kawika mapema.

#13 Jiwe la Moto

Mmefurahi, sasa niwatie uchungu kidogo. Mimi ni wa zimamoto.

Atlanta, Marekani, palikuwa na hoteli inaitwa Winecoff, ya 1913, ghorofa kumi na tano. Kwenye karatasi zake za barua iliandikwa kwamba haiungui kabisa. Na jengo lenyewe, chuma na zege, kweli halikuungua. Tarehe 7 Desemba 1946 usiku vilivyoungua ni vilivyokuwa ndani: mazulia, karatasi za ukutani, milango ya mbao. Ngazi ilikuwa moja tu, katikati, wazi, ikageuka bomba la moshi. Hakukuwa na ngazi ya nje, hakukuwa na vinyunyizio vya maji darini. Walikufa watu 119, na Winecoff mwenyewe, ambaye hoteli ilipewa jina lake na aliyekuwa anaishi humo, alikuwa mmoja wao. Sheria nyingi za usalama wa moto hotelini zilikazwa baada ya ule usiku. Jengo bado lipo, na leo ni hoteli tena, kwa jina jingine.

Simkatazi mtu. Mimi mwenyewe nalala kwenye hizo hoteli. Ila nikishaweka begi natoka koridoni, nahesabu milango toka changu hadi ngazi ya dharura, kwa mkono, nikigusa ukuta, kwa sababu kwenye moshi huoni. Nafungua mlango wa ngazi kuhakikisha unafunguka na hauna ndoo na fagio nyuma yake. Naangalia dari: kuna vinyunyizio? Kuna kitambua moshi? Ile ngazi nzuri ya marumaru anayoisifu mtoa mada ndiyo nisiyoitegemea. Ngazi pana iliyo wazi katikati ya jengo moshi unaipenda kuliko sisi. Hoteli nzuri ya kale huwa imejenga ya pili, mbaya mbaya, ya zege, yenye milango inayojifunga. Ukiiona hiyo, lala.

#14 Mpangaji Namba 7

Jiwe la Moto, nimesoma mara mbili. Mambo ya vibonde vya ngazi nilikuwa nayajua, ya kuhesabu milango sikuwahi. Nitaanza.

#15 Mbishi Mstaarabu

Haya, mmejenga kesi yangu wenyewe. Maji ya kutu, soketi moja, vidato kumi na tano, moshi. Chai ukumbini, wandugu. Chai ukumbini!

#16 Zamu ya Usiku

Mbishi, karibu sana, chai yako ndiyo inayolipa mishahara. Lakini kuna vitu mnywaji chai haonyeshwi.

Metropole ya Hanoi ni ya 1901. Mwaka 2011 wakikarabati baa ya kando ya bwawa wakachimba wakakuta dari la zege: handaki la kujikinga na mabomu la wakati wa vita, limezibwa na kusahaulika kwa miongo. Desemba 1972, Marekani ilipoipiga Hanoi kwa mabomu, wageni na wahudumu walikuwa wanakimbilia humo, mwanamuziki Joan Baez akiwamo. Siku hizi hoteli inawashusha wageni wake humo chini kuangalia, kofia za kinga kichwani. Ni shimo lenye unyevu na milango mizito. Hakuna marumaru.

Na hilo ndilo ninalowaambia wageni wangu wanaouliza maswali. Ukitaka kulijua jengo omba uonyeshwe upande wa nyuma: ngazi ya wafanyakazi, chumba cha kufulia, lifti ya mizigo. Omba kwa upole, mchana wageni wakiwa wametoka, usiombe asubuhi ya kuondoka watu. Nusu ya hoteli watakukatalia. Zilizobaki zina mzee mmoja ambaye amesubiri miaka kuulizwa. Parker House ya Boston, iliyofunguliwa 1855, imepitiwa na marais na waandishi wengi, lakini siku hizi watu wanaiulizia kwa vijana wawili waliofanya kazi humo kabla dunia haijawajua: Ho Chi Minh, aliyekuja kuiongoza Vietnam, ambaye mwenyewe alisema aliwahi kufanya kazi kwenye jiko la mikate, na Malcolm X, aliyekuwa anatoa vyombo mezani. Hao hawakupita ngazi ya mbele.

#17 Mpangaji Namba 7

Hapo kwenye ngazi ya nyuma umenipiga, Zamu. Miaka yote hii nauliza milango na sakafu.

Ngoja nijibu hili la kulipa au kutolipa lililokuja inbox mara nne. Usiku mmoja, usizidi miwili. Nenda mwisho wa wiki kama jiji ni la kazi, wafanyabiashara wameondoka na bei inalegea. Kama jiji ni la watalii, pindua hesabu. Chumba kidogo kabisa cha jengo la zamani ni bora kuliko kikubwa cha jengo la nyongeza, kama umekuja kwa ajili ya jengo. Kama umekuja kwa ajili ya mikutano na mtandao, chukua cha nyongeza bila aibu, kuta nene za zamani hula intaneti. Maoni ya wageni soma yale ya nyota tatu. Wa nyota tano anasifia taa, wa nyota moja aligombana na mtu, wa nyota tatu ndiye atakayekwambia dirisha linatazama jenereta.

Usiku wa kwanza wa safari usiulale huko. Umechoka, utalala kama gogo, na hapo Mbishi atakuwa sahihi: umelipia dari usiloliona.

#18 Kijogoo

Mkoba Mmoja yuko wapi? Mama alienda?

#19 Mkoba Mmoja

Tumerudi juzi. Samahani kwa kimya.

Vidato vilikuwa kumi na moja, walivyojibu ndivyo vilivyokuwa, nikahesabu. Waliponiambia hivyo kabla, niliomba chumba cha ghorofa ya kwanza, jengo la zamani, wakatupa kimoja ambacho kwa upana sikupata hata swali la kuuliza. Dari juu huko. Madirisha mawili marefu yanayotazama barabara, na kweli kioo ni kimoja, tulisikia kila pikipiki hadi saa saba. Bafu ni behewa kama alivyosema Fundi. Nilifungua bomba, maji yakaja na rangi, yakasafika. Nikatoka koridoni kuhesabu milango, kumi na miwili. Mama akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nanyoosha miguu.

Usiku wa pili hakupata usingizi. Saa kumi na moja nikamkuta hayupo kitandani, moyo ukaruka. Nikashuka mbio. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi kubwa, kanga mabegani, anaongea na mzee anayefuta reli ya shaba. Hawana lugha moja hata kidogo. Yule mzee anamwonyesha kitambaa, mama anamwonyesha jinsi anavyofuta yeye, kwa kuzungusha. Mzee akampa kitambaa. Mama akafuta kipande chake cha reli, kama urefu wa mkono mmoja, akakagua, akarudisha.

Mchana nikafanya alivyosema Zamu, nikaomba ngazi ya nyuma. Msichana wa mapokezi akasita, akaenda kuuliza, akarudi na yule yule mzee na funguo. Ni nyembamba, mtu mmoja kwa wakati, kuta zimepakwa rangi ya mafuta hadi kiunoni, na vidato ni vifupi vya haraka haraka. Vimelika kuliko vya marumaru. Mama alikuwa amesoma kwenye ubao wa ukumbini majina ya wakubwa waliowahi kulala pale. Akapanda vidato vitatu, akashika ukuta, akashuka. Akaniambia nimuulize mzee: wale waliokuwa wanapandisha maji ya kuoga huku kwa ndoo, ubao wao uko wapi? Nikatafsiri kwa simu. Mzee akacheka, akajigonga kifuani mara mbili, akafunga mlango.

#20 Mbishi Mstaarabu

Shikamoo kwa mama. Kwenye hili sina neno.

#21 Zamu ya Usiku

Picha ya hiyo ngazi ya nyuma, dada, tafadhali. Nikamwonyeshe meneja.

#22 Mkoba Mmoja

Sina. Ile ya kutafsiria ilikuwa simu ya mama. Yangu ilikuwa chumbani inachajiwa, nyuma ya kabati.